Nani Alilipia Ule Mpira?

Ukikulia Lodwar na ukafika mbali kidogo, hata kama huko mbali ni Kitale tu, kuna maneno utaambiwa kabla hujafikisha miaka 25: "Usisahau tuliokubeba." Husemwa kwa upole, mara nyingi kwa simu, mara nyingi mwisho wa mwezi. Mimi nimeyasikia sana tangu nitoke chuoni mwaka wa pili, karo ilipoisha. Anayesema si mtu mbaya. Kweli alinibeba. Swali langu ni hili: mtu akikubeba, unamdaiwa nini hasa? Na je, unajua wote waliokubeba?

Nitatumia raga kuuliza, kwa sababu huko ndiko nilikoona kubebwa kwa macho yangu.

Tulikuwa na timu ya raga shuleni. Najua, Turkana watu wanafikiria mbio na soka. Lakini mwalimu mmoja alikuja na mpira wenye umbo la yai, akatuambia sheria moja ya ajabu: unakimbia mbele, ila pasi ya mkono hairuhusiwi kwenda mbele. Unampa aliye nyuma yako. Tulicheka wiki nzima, kisha tukashikwa na ugonjwa wa huo mchezo.

Raga ya wachezaji 15 huchezwa muhula wa kwanza, na muhula wa kwanza Lodwar ni jua tupu. Uwanja wetu ulikuwa mchanga na changarawe, na pembeni etirae, ule mti wa miiba uliovamia kingo za Turkwel. Mpira ukienda huko, anayeufuata anarudi akichechemea. Mazoezi yalikuwa saa kumi na moja jioni, na bado ardhi ilichoma kupitia soli za viatu. Wenye njumu walikuwa wanne. Wengine tulicheza na viatu vya darasani, au miguu mitupu.

Mashindano yakivuka mipaka ya kaunti, safari ni kusini: Lokichar, Kainuk, kisha unapanda milima kuelekea Kapenguria hadi Kitale, karibu kilomita 300. Shule ilitoa basi na sehemu ya mafuta. Yaliyobaki yalitoka nyumbani. Mama yangu aliuza samaki wakavu kutoka Kalokol, na wiki hiyo hakununua mzigo mpya. Mama wa mwenzangu aliuza vikapu vya mkoma kwa bei ya hasara. Mjomba wa mwingine, dereva wa bodaboda, alitubeba watatu watatu hadi kituoni bila kuomba hata shilingi. Kuna baba mmoja kutoka Kanamkemer ambaye hakuwahi kuelewa mchezo wenyewe. Alisimama pembeni ya uwanja na jerikeni ya maji, akipiga kelele mahali pasipofaa. Hatukuleta kombe. Tulileta mbavu zilizovimba na stori za baridi ya Kitale.

Mara moja tulienda Kakuma, kama kilomita 120 upande wa kaskazini-magharibi. Kambi ya pale ilifunguliwa 1992, na vijana tuliokutana nao walikuwa wamezaliwa humo. Kwao soka ndiyo dini, raga waliiona kama ngumi zenye refa. Lakini walituazima wachezaji, tukachanganya timu, tukacheza hadi giza. Mama mmoja pale alitupikia maharagwe. Baadaye nikaelewa kwamba maharagwe yale yalitoka kwenye mgao wa familia yake, na mgao wa kambini hauongezwi kwa sababu una wageni.

Sasa rudi kwenye swali. Hayo yote yalikuwa nini? Mkopo au zawadi?

Wapo wanaosema mkopo. Hawatamki neno lenyewe, lakini wana daftari kichwani: karo, nauli, njumu, ile mbuzi iliyouzwa. Ubaya wa hesabu hii ni kwamba anayeweza kulipa ni aliyefanikiwa peke yake. Kati yetu 15 hakuna aliyepata kandarasi, hakuna aliyevaa jezi ya Shujaa. Basi sote ni wadeni sugu? Angalia mfano mkubwa zaidi. Mwaka 2016, timu ya kwanza ya Olimpiki ya wakimbizi ilikuwa na wanamichezo kumi, na watano walikuwa wakimbiaji waliotoka Kakuma. Rose Nathike Lokonyen ndiye aliyebeba bendera kule Rio. Hakuna hata mmoja wa timu ile aliyerudi na medali. Ukienda Kakuma ukadai kwamba kwa hiyo waliowasaidia walipata hasara, watakushangaa.

Wengine wanasema zawadi, na zawadi haina deni. Mwanafalsafa Mmarekani, Jane English, alitetea kitu karibu na hiki katika insha iliyochapishwa 1979. Jirani asiye rafiki akikutendea wema, alisema, unabaki na deni la kumtendea vilevile. Lakini marafiki hawawekeani hesabu, wanasaidiana kwa kuwa wanapendana, na watoto na wazazi wanapaswa kuwa hivyo. Kwake, mtoto mkubwa hadaiwi. Anachofanya kinatokana na upendo uliopo, na hitaji, na uwezo. Niliposoma hayo nilipumua. Halafu nikajiuliza: upendo ukipoa je? Mama asiyepigiwa simu miaka mitatu aambiwe urafiki uliisha?

Wazee wetu walikuwa na jibu la tatu, na lilihusu mifugo. Philip Gulliver, aliyeishi na Waturkana akitafiti, aliandika katika kitabu chake The Family Herds cha 1955 jinsi mwanamume alivyokuwa na mtandao wa watu wa kupeana wanyama: ndugu, wakwe, marafiki waliotawanyika mbali. Leo unampa ng'ombe anapooa. Kesho kutwa, ukiishiwa, unamwendea kwa haki, si kwa kuombaomba. Hakuna anayekimbilia kufunga hesabu, maana ukifunga hesabu umefunga mlango. Katika nchi ambayo mvua inaweza kukosa misimu mitano mfululizo, kama ilivyotokea kuanzia 2020 hadi 2022, mtu anayekudai na unayemdai ni akiba kuliko zizi lililojaa.

Napenda jibu hili. Linaniondolea aibu ya kudaiwa. Mjomba akipiga simu hanikamati kooni, ananiambia tu kwamba kamba bado ipo. Nikiwa na mia tano natuma mia mbili. Nikikosa, nasema nimekosa, na wiki ijayo naweza kumwomba mimi.

Lakini hata jibu hili lina shimo, na shimo hilo lina jina la mtu wa nyumbani kwetu ambalo sitaliandika. Dada yangu mkubwa. Ule muhula mama hakununua mzigo wa samaki, kulikuwa na karo moja tu ya kulipa, na ililipwa yangu. Yeye alikaa nyumbani "kidogo". Kidogo ikawa muhula, muhula ukawa mwaka, mwaka ukawa ndoa. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kuchangia timu ya raga. Alichangia kuliko wote.

Unaona tatizo? Tunapouliza tutawalipa vipi waliotoa, tunawahesabu waliotoa kwa mikono yao. Mama ana shukrani zake. Mjomba ana simu zake. Baba wa jerikeni anasimuliwa kila tukikutana. Watoto wa yule mama wa Kakuma, waliolala na sahani nyepesi usiku ule, hatukuwaona hata sura. Wanaotupa wanajulikana. Waliopunguziwa ili tupewe hawamo kwenye daftari lolote, na hawapigi simu mwisho wa mwezi, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba wana haki ya kupiga.

Msiseme ni mambo ya zamani, ati wasichana hawakuwa na nafasi katika mchezo wenyewe. Raga ya wachezaji saba ya wanawake iliingia Olimpiki 2016, na timu ya Kenya ilikuwepo. Nafasi ilikuwepo. Nauli ndiyo iligawanywa upande mmoja.

Kwa hiyo sasa, kwenye kundi letu la WhatsApp la wachezaji wa zamani, mtu akileta mchango wa jezi za vijana wa shule, natoa. Ila nimeanza kuuliza swali ambalo halinifanyi nipendwe: hawa tunaowanunulia jezi, nyumbani kwao nani amebaki muhula huu? Wiki iliyopita mmoja alijibu kwamba hilo ni jambo la familia, tusiingilie. Mwingine akaandika jina la dada yake, bila kuongeza kitu. Kisha wa tatu akaandika la wake. Kufikia saa nne usiku tulikuwa na majina sita, na mweka hazina akauliza kama tuyafungulie mchango wao.