Saa ya Nani Iko Sawa?

Kila stima ikirudi, nikiwasha laptopu napata ujumbe ule ule: muunganisho wako si salama. Si tovuti moja, ni zote. Hapa Busia mshukiwa wa kwanza ni mtandao, maana simu zetu hushika laini ya Uganda bila kuomba ruhusa. Tukalaumu ng'ambo.

Jibu lilikuwa kwenye kona ya skrini: laptopu iliamini tuko mwaka 2012. Tovuti salama hubeba cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kivinjari huilinganisha na saa ya mashine. Saa ikirudi nyuma, vyeti vyote vinaonekana havijaanza kazi. Na saa hiyo, stima ikipotea, hushikiliwa na kibetri cha volti 3, mviringo kama sarafu. Changu kilikuwa kimekufa.

Kinachonisumbua ni kwamba mashine haikudanganya. Ilifuata kanuni, ikashtaki dunia nzima. Mfikirie afisa pale Malaba mwenye kalenda mbovu: anarudisha trela baada ya trela, karatasi zote halali, na usiku analala fofofo. Ana hatia? Nasema anayo, kuanzia dereva wa kumi. Ukikataa watu kumi mfululizo, angalia kalenda yako.

Jamaa wananiambia, "Si ubonyeze tu endelea?" Zii. Ukizoea hivyo, siku tovuti ya mwizi ikija utabonyeza vilevile.

Fundi alitaka kuniwekea Windows upya. Nikamwambia tufungue mfuniko kwanza.