Jiwe Tumboni

Katika hoteli za Japani kuna mlo uitwao kaiseki, ambao hauletwi wote kwa pamoja. Hutangulia kionjo kidogo, kisha supu nyepesi, samaki mbichi, chakula cha kuchomwa na cha kuchemshwa, na wali huja mwishoni pamoja na achari. Mpishi anayeujua ufundi huo huupanga kwa majira ya mwaka, na mlaji hungoja kila sahani kwa zamu yake. Wengi wakiusikia husema ni israfu ya matajiri, na kwa bei zake lawama hiyo ina haki. Hata hivyo jina lake lina historia nyingine. Kwa Kijapani huandikwa kwa namna mbili zenye matamshi yaleyale. Ya kwanza ni ya karamu, ndiyo ya hoteli nyingi. Ya pili ni ya mlo mdogo unaotangulia chai, supu moja na vitoweo vitatu, unaohusishwa na mwalimu wa chai Sen no Rikyu aliyefariki mwaka 1591; na herufi zake zina maana ya jiwe kifuani. Husimuliwa kwamba watawa wa Kibudha wa madhehebu ya Zen walikuwa wakiweka jiwe lililopashwa moto ndani ya mavazi yao, juu ya tumbo, wapate kuivumilia njaa.

Msomaji wa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, analijua jiwe hilo bila kufika Kyoto. Katika masimulizi ya Vita vya Handaki, Mtume (s.a.w.) alichimba handaki pamoja na masahaba akiwa amefunga jiwe tumboni kwa njaa. Jabir, mmoja wa masahaba hao, alipomwona, alikwenda nyumbani akaandaa kijibuzi na pishi moja ya shayiri, akamwalika yeye na watu wachache. Mtume akawaita wachimbaji wote, wakala wakashiba. Watawa wale na masahaba hawa hawakujuana, wala imani zao si moja. Kwa nini basi pande zote mbili zimekihifadhi chakula pamoja na jiwe? Naona ni kwa sababu riziki ina vipande viwili, kitu na wakati wake. Asiyejua kungoja amepokea kipande kimoja tu.

Ziwa Tanganyika limekuwa likifundisha hivyo tangu zamani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hupoteza nguvu, kwa hiyo wavuvi hupumzika mpaka giza lirudi. Hakuna anayesema mwezi umemdhulumu. Lakini nchi nne zinazolizunguka ziwa zilipokubaliana kusimamisha uvuvi, na upande wa Tanzania ziwa likafungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, hoja ya kidini ilikuwa tayari midomoni mwa watu: riziki ya Mungu haiishi, mwanadamu ni nani aifunge? Hoja hii inastahili jibu la kidini, nalo limo katika Sura ya Al-A'raf, katika kisa cha watu wa mji wa kando ya bahari waliokatazwa kuvua siku ya Sabato. Siku hiyo ndiyo samaki walikuja wazi juu ya maji. Siku nyingine hawakuja. Siku ya Sabato samaki walikuwepo, na bado mkono ulitakiwa kutulia. Kuwepo kwa riziki mbele ya macho, basi, hakujawahi kuwa ruhusa ya kuichukua wakati wowote. Tena sasa maji ya juu ya ziwa hili, la pili kwa kina duniani, yanazidi kupata joto, hivyo yanachanganyika kwa shida na ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki kinapungua. Samaki kama mgebuka anahitaji muda zaidi kuliko tuliozoea kumpa.

Ubishi mzito zaidi ni huu: mtawa alilichagua jiwe lake, na mgeni wa hoteli hungoja dakika chache akijua sahani inakuja. Mvuvi wa Kibirizi, hapa Kigoma, hakuchagua, na mama anayeanika dagaa kwenye chanja hana mshahara wa kumvusha miezi mitatu. Kumwambia avumilie kwa sababu uvumilivu ni ibada ni maneno mepesi kwa aliyeshiba. Ubishi huu naukubali, na nadhani kisa cha Handaki kinaukubali pia, maana pale jiwe lilikuwa tumboni mwa kiongozi mwenyewe, na kile kidogo kilichopatikana kilimfikia kila mchimbaji. Njaa isiyogawanywa haina fadhila yoyote; ni mzigo tu aliotwishwa mnyonge kwa niaba ya wengine. Kufunga ziwa ni haki, lakini haki hiyo haijatimia ikiwa anayelila ziwa akiwa Dodoma au Dar es Salaam hapungukiwi na chochote huku mvuvi wa Katonga kando ya ziwa akiuza nyavu zake. Hapo misikiti na makanisa ya Kigoma yana kazi kubwa kuliko kutangaza tarehe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayekula ugali na dagaa wa Kigoma kwa mawese, ziwa likifungwa tena, bei ya kitoweo ulichokuwa ukinunua itoe sadaka, na uipeleke mwaloni wiki ya kwanza, kabla mtu hajafunga jiwe.