Mchezo Ukianza Kuuma

Somo letu ni Mithali 26:18-19 na Wagalatia 5:13-15. Someni wenyewe nyumbani, pole pole. Mithali inamzungumzia mtu anayemdanganya jirani yake halafu anasema alikuwa anacheza tu, na inamweka kundi moja na kichaa anayerusha moto. Naye Paulo anawaonya Wagalatia kwamba wakiendelea kung'atana, watamalizana.

Wale mmefika kwangu hapa Landless mnawajua Simba na Tomi. (Wamechanjwa kichaa cha mbwa wote wawili, kwa hivyo msikose maombi ya Jumatano kwa kuogopa geti.) Tomi tuliletewa akiwa na wiki nne hivi, na hilo lilikuwa kosa letu. Mtoto wa mbwa hujifunza kupima meno yake akiwa bado na mama na ndugu zake. Akimuuma mwenzake sana, mwenzake analia, na mchezo unaisha. Ukitaka mbwa, mwache huko mpaka afike wiki nane. Tomi hakumaliza hilo darasa. Alikuja akiuma viatu, mikono ya watoto na masikio ya Simba. Na Simba, na ukubwa wake wote, hakumrarua. Alikuwa anaondoka tu, anaenda kulala kando ya tangi la maji mpaka huyu mdogo atulie.

Siku hizi ukiwakuta wakicheza utadhani wanauana. Lakini tazama vizuri. Mmoja kwanza analaza miguu ya mbele chini, kifua karibu kiguse udongo, makalio juu. Hapo anamwambia mwenzake, hii ni mchezo. Mwanasayansi wa Marekani, Marc Bekoff, aliandika mwaka 1995 kwamba mbwa hufanya hivyo hasa kabla au baada ya kuuma kule kunakoweza kueleweka vibaya. Kumbe hata mbwa hachukulii tu kwamba ameeleweka! Halafu Simba analala chali ili mdogo naye ashinde. Midomo iko wazi, miili imelegea. Ukiona mdomo umefungwa, mwili umekakamaa na macho hayabanduki, hapo watenganishe.

Sasa niseme langu. Kuna ndugu mmoja aliyekuwa akituhudumia kwa mitambo. Amenipa ruhusa niandike haya bila jina. Mimi na yeye tumetaniana miaka mingi, yeye akinisema kwa mahubiri marefu, mimi nikimsema kwa kuchelewa. Basi akapoteza kazi. Jumapili iliyofuata nikasema madhabahuni kwamba siku hizi ndugu yetu anakesha kanisani kwa sababu Jumatatu hana pa kwenda. Mkacheka. Yeye pia alicheka. Jioni akanitumia ujumbe: "Pasta, ile ya leo iliniuma kidogo." Nikamjibu, "Haha, wewe umezoea."

Jumapili tano hakuonekana. Na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kumtaja kwenye maombi kama mtu aliyerudi nyuma.

Jumamosi moja nilikuwa nje nikipaka viatu rangi. Tomi alikuwa na kidonda mguuni, na Simba, katika kuvutana, akamshika papo hapo. Tomi akalia mara moja tu. Simba akaachia. Akageuza uso, akajikung'uta mwili mzima, akaketi hatua chache pembeni. Hakumfuata. Alingoja. Tomi alilamba mguu wake kwa muda mrefu, kisha yeye mwenyewe ndiye aliyekuja, akainamisha kifua chini, na wakaendelea.

Nilibaki na kiatu mkononi. Simba hakubishana kama kile kidonda kinauma au hakiumi. Hakumwambia Tomi amezoea. Aliyeumwa ndiye aliyejua imeuma, na aliyeumwa ndiye aliyesema lini waanze tena. Mimi ndugu yangu alilia, tena kwa maandishi, nikamcheka mara ya pili.

Jioni hiyo nilipanda boda hadi kwake. Mama watoto alinikaribisha kwa heshima, akaweka chai. Nilisema nilichoenda kusema, bila utani hata mmoja. Ndugu alinyamaza mpaka chai ikapoa. Akasema, "Pasta, si kanisa kucheka. Watoto wangu walikuwa pale mbele." Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Nikawaomba radhi wale watoto pia, mmoja mmoja.

Hajarudi kwenye mitambo, na sijamuuliza ni lini. Juzi alinitumia ujumbe kwamba mahubiri ya Jumapili yalikuwa marefu, amesikia kwa watu. Nimeusoma mara nyingi. Tukimwona akiingia Jumapili hii, tafadhalini, msalimieni kama kawaida na mmpe nafasi akae anapotaka.