Nani Anamlisha Ndovu?

Neno "kimaadili" limekuwa kama chumvi siku hizi, linatiwa kila mahali. Kuna kahawa ya kimaadili, kuna nguo za kimaadili, na kwa wanaosafiri kutazama wanyama kuna hifadhi za ndovu za kimaadili. Hizi zilivuma sana kutoka Thailand. Serikali ya huko ilipopiga marufuku ukataji wa magogo misituni mwaka 1989, ndovu waliokuwa wakiyaburura walikosa kazi pamoja na wachungaji wao, na wengi wakahamia kwenye utalii: kubeba wageni mgongoni, kucheza mpira, kuchora picha kwa mkonga. Wageni walipokuja kujua jinsi ndovu anavyofungwa na kupigwa akiwa mdogo ili akubali kupandwa, wakaona aibu. Basi pakazuka mahali pa aina nyingine. Humpandi, hachezi, hafungwi mnyororo. Unamtazama tu, unarudi nyumbani moyo mweupe.

Sina ugomvi na hayo. Afadhali kutazamwa kuliko kupandwa. Ninachouliza ni kama orodha ya mambo ambayo mgeni hafanyi inatosha. Maana mgeni anaweza kukaa kuanzia saa tano mpaka saa sita bila kufanya baya lolote, na bado kukawa na mtu mahali fulani anayelipia saa yake hiyo moja.

Sisi Wakenya hatuna historia ya kupanda ndovu. Tuna mayatima. Ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi kuna makao ya watoto wa ndovu ya Sheldrick, ambayo hufunguliwa umma saa moja tu kwa siku. Shirika linaloyaendesha lilianzishwa na Daphne Sheldrick mwaka 1977 kwa kumbukumbu ya mumewe David, aliyekuwa msimamizi wa kwanza wa Tsavo Mashariki. Ni mwaka uleule Kenya ilipopiga marufuku uwindaji. Wanaoletwa pale ni watoto ambao mama zao waliuawa na majangili, au walikufa kwa ukame, au wao wenyewe walitumbukia kisimani kundi likashindwa kuwatoa. Hulelewa kwa maziwa ya chupa, kisha hupelekwa Voi, Ithumba au msitu wa Kibwezi, wajifunze taratibu kuishi na ndovu wa mwituni hadi siku wanayoondoka wenyewe.

Kabla sijafika pale nilikuwa nimesoma kisa cha Aisha, na ndicho kilichofanya niwaheshimu. Kwa miaka mingi watoto wachanga wa ndovu walimfia Daphne mikononi kwa sababu maziwa ya ng'ombe hayawafai. Katika miaka ya 1970 akafaulu kumweka hai mmoja, Aisha, kwa mchanganyiko wenye mafuta ya nazi. Akamlea mwenyewe usiku na mchana. Kisha akasafiri kwenda harusi ya bintiye. Aisha akakataa kula, akafa.

Maziwa yalikuwepo. Watu wa kumpa walikuwepo. Aliyekosekana ni mtu mmoja tu, ambaye kwa yule mtoto alikuwa ndiye dunia nzima. Daphne hakukificha kisa hicho. Alikisimulia, na utaratibu ukabadilika. Leo walezi hupokezana. Anayelala na mtoto huyu usiku huu, kesho analala na mwingine, ili pasiwe na mlezi ambaye akiondoka anaondoka na roho ya mtu. Huwa nawaza ni kazi ngumu kiasi gani hiyo. Kupendwa na ndovu, hebu fikiria, halafu uambiwe usilizoee penzi hilo kwa sababu gharama yake haitakuangukia wewe. Itamwangukia yeye.

Gharama ya upendo inamwangukia nani? Nilifika nikiwa na swali hilo tayari, ila Nyanya ndiye aliyelitoa nje ya vitabu.

Tulienda likizo ya Aprili, watu saba: Mama, shemeji yangu na watoto wake wawili, dadangu mdogo, Nyanya, nami. Nyanya anaishi chini ya milima ya Sagalla, karibu na Voi. Alikuwa amekuja Nairobi kwa treni kuangaliwa macho, na Mama akaona si vizuri arudi bila kutembezwa. Njiani kuvuka Tsavo alikuwa ameona ndovu dirishani, wakubwa, wekundu kwa udongo. Alipoambiwa tunampeleka kuona ndovu akauliza, "Wengine?"

Watoto wa ndovu walikuja mbio kwa mstari mmoja, masikio yakipepea, wadogo kabisa wamefungwa blanketi mgongoni. Walezi wamevaa makoti ya kijani, chupa kubwa mkononi. Kuna aliyeinyakua chupa kwa mkonga akajishikilia mwenyewe, na watu wote nyuma ya kamba wakasema "aaah" kwa pamoja kama kwaya. Mlezi mwenye kipaza sauti akatutajia jina la kila mmoja, umri wake na mahali alipookotwa. Akasema wadogo hunyonya kila baada ya saa tatu, mchana na usiku. Mtoto wa shemeji akauliza kama walezi hulala. Swali zuri kuliko la mtu mzima yeyote pale.

Dadangu alikuwa ameajiriwa miezi michache nyuma na alitaka kuasili mmoja. Unalipa ada ya mwaka, unapewa cheti chenye jina la ndovu wako na unatumiwa habari zake. Nyanya akamwuliza cheti ni cha nini.

"Ni cha kuonyesha kwamba unasaidia kumlisha, Nyanya."

Nyanya akanyamaza kidogo, akamtazama mmoja aliyekuwa akijipaka tope. "Basi, mama, mimi nawadai vyeti vingi sana."

Tulicheka sana. Kisha Mama akaacha kucheka, nami nikaacha.

Maana si mzaha. Shamba la Nyanya ni la mahindi na pojo, na mpaka wa Tsavo Mashariki hauko mbali. Ndovu mzima anaweza kula hadi kilo 150 kwa siku. Wakija sita usiku mmoja, mahindi yakiwa yamekaribia kukomaa (wanajua siku, sijui nani huwaambia), asubuhi hakuna cha kuvuna wala cha kuokota. Watu hukesha wakipiga debe na kuwasha mioto. Wanawake huogopa kwenda kuchota maji alfajiri. Mtoto aliyekesha na babake shambani hulala darasani, na mwalimu humwita mvivu. Mwaka mmoja Nyanya alitarajia magunia sita akapata nusu gunia, na nusu gunia hiyo akaigawa na jirani ambaye hakupata hata hilo.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua hasara hizi. Inataja fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama, na inaruhusu madai ya mazao pia. Kwenye karatasi ni sheria ya heshima. Mjomba alijaza fomu, akapeleka picha, akagongewa mihuri. Kila akienda ofisini anaambiwa faili liko njiani. Faili hilo limesafiri kuliko mimi.

Nichukue tahadhari hapa kabla sijasomwa vibaya. Hakuna anayeweza kusema kwamba ndovu waliokula mahindi ya Nyanya waliwahi kunyonya chupa Nairobi, wala sidai hivyo. Hata wangekuwa ndio, kosa si la mlezi aliyelala sakafuni akimfunika mtoto wa mnyama. Ninachosema ni jepesi zaidi na labda linauma zaidi. Nairobi haina ndovu wa mwituni. Tunao hapa wakiwa watoto, wakiwa na blanketi na majina, kisha wanapofikia umri wa kuwa ndovu kamili wanarudi Tsavo, kama inavyopasa, na Tsavo ina majirani. Mbuga yenyewe ya Nairobi imezungushiwa ua upande wa jiji, na upande wa kusini, kwa wafugaji, imeachwa wazi ili wanyama wapite. Nani aliamua upande upi upate ua? Simba akionekana Karen, anatafutwa simba. Akionekana Kitengela usiku, anahesabiwa mbuzi.

Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipogoma, nikiwa nimesoma kozi moja tu ya falsafa ya maadili. Mambo mawili yalinibaki. Kant alisema hatuna wajibu wa moja kwa moja kwa wanyama. Tusiwatese kwa sababu anayemtesa mnyama huzoea kuwatesa watu. Peter Singer naye, mwaka 1972, aliandika kwamba umbali haupunguzi wajibu: mtoto anayekufa njaa nchi ya mbali ana haki juu yangu sawa na anayezama kidimbwini mbele yangu. Kant namwona amekosea, na yeyote aliyesimama pale saa tano akamwona yatima mdogo akitafuta kwapa la mlezi ajifiche atamwona amekosea. Singer namkubali, ila kuna jambo aliliacha wazi. Umbali haupunguzi wajibu, sawa, lakini hupunguza bei. Ni rahisi kumpenda ndovu kutoka Nairobi, rahisi zaidi kutoka London. Wahenga walishasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tulio mbali tumebeba usufi, na tumepewa cheti kwa kuubeba.

Na hili halikuanza jana. Katika miaka ya 1950, David Sheldrick na wenzake walipoendesha msako mkubwa dhidi ya ujangili Tsavo, waliokamatwa wengi walikuwa Wawaata, watu waliowinda ndovu kwa upinde na mishale ya sumu tangu kabla mtu yeyote hajachora mpaka wa mbuga mwaka 1948. Wengi walifungwa jela. Ndovu walihitaji ulinzi, sikatai. Pembe zilikuwa na soko na soko halina kiasi. Lakini soko lilikuwa la mbali, na jela ilikuwa ya jirani. Naliona umbo lilelile kila nikiangalia: faida na hisia nzuri husafiri, hasara hukaa nyumbani.

Najua jibu la wengi: ndovu walitangulia, watu ndio waliowafuata. Hoja hiyo sijawahi kuisikia ikitolewa na mtu aliye tayari kuhama kwake. Wengine husema ndovu wako hatarini, watu ni wengi. Ni kweli ujangili uliwamaliza. Hesabu ya mwaka 2021 ilipata ndovu 36,280 nchi nzima, na hao wamepatikana kwa jasho na damu ya askari. Lakini idadi haijibu swali langu. Tukikubaliana kwamba lazima waishi, nami nakubali kabisa, bado hatujasema nani awalishe.

Kuna wanaojaribu kusema. Mwaluganje, kule Kwale, wenye mashamba waliachia ardhi yao katika miaka ya 1990 ili ndovu wapite kati ya Shimba Hills na msitu wa Mwaluganje, kwa makubaliano kwamba wagawane pesa za langoni. Si pepo, watalii wakipungua mgao unapungua, na ndovu hapunguzi kula. Ila pale mgeni akilipa, sehemu ya pesa yake inakwenda kwa mtu ambaye angelima mahindi mahali ndovu anaposimama. Kwangu hapo ndipo neno "kimaadili" linaanza kuwa na uzito. Ningependa kuona kuasili kwa namna hiyo: unachagua ekari moja ya pojo Sagalla, unatumiwa habari zake, unaambiwa mwezi huu walikuja mara ngapi. Nilimwambia dadangu. Alisema wazo ni zuri lakini pojo haina macho. Akamwasili ndovu wake, na cheti amekibandika juu ya kitanda. Hatujaelewana mpaka leo. Yeye anasema huwezi kutatua shida ya shamba kwa kumnyima mtoto maziwa, na hajakosea. Mimi nasema hakuna aliyetaja kumnyima.

Nyanya mwenyewe nilimwuliza jioni ile kama angetaka ndovu waondolewe kabisa. Aliniangalia kama niliyemtukana. Alisema wao ni watu wa Mungu kama sisi, ila wana tabia mbaya ya kuja bila hodi.

Kijijini kwake wanatumia ua wa nyuki, uliobuniwa na mtafiti Lucy King: mizinga huning'inizwa kuzunguka shamba, imeunganishwa kwa waya, ndovu akiusukuma waya mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Ndovu huwaogopa nyuki kweli. Asali nayo inauzwa. Tatizo ni kwamba ukame ukizidi nyuki huhama, na ukame ndio wakati ndovu wana njaa zaidi. Mjomba ana mizinga kumi na miwili. Nilipompigia Jumapili, mitano ilikuwa na nyuki.