Jibini Kwenye Kahawa

Kikombe kiko mkononi? Kaskazini mwa Ufaransa wapo wanaochovya mkate wa jibini kwenye kahawa. Na jibini hiyo inanuka, inanuka hasa. Wafaransa wenzao waliwacheka. Waliicheka lafudhi yao, wakaicheka hata mvua yao.

Mchekeshaji Dany Boon alizaliwa huko, Armentières. Mama mwenyeji, baba dereva wa lori, Mkabili kutoka Algeria. Alianza kwa kuchekesha wapita njia mitaani Paris. Mwaka 2008, katika filamu yake, kikombe kile cha kahawa na jibini akakiweka mezani mbele ya nchi nzima. Hakukificha. Hakukiombea radhi. Mamilioni wakajaa sinema, wakacheka, safari hii pamoja na watu wa kaskazini wenyewe.

Wewe leo kazini, ukisalimia, salimia kwa lafudhi ya kwenu.