Uhuru wa Kinachoanguka

Juu ya mapaa ya bati ya Mbagala na Tandika, na vivyo hivyo kuanzia Mwananyamala hadi Tegeta, madishi yameelekeza nyuso zake mbinguni. Mwenye nyumba akiulizwa chombo kilichoko huko juu kinashikiliwa na nini, aghalabu hujibu kwamba kimefika mbali mno, hata dunia haikivuti tena. Jawabu hilo ni tamu, kwani linafanana na namna kijana aliyehama kwao akaja mjini anavyouelewa uhuru: kuwa mbali na mkono wa wakubwa. Lakini si sahihi.

Dafu likikatika mnazini huanguka kiasi cha mita 5 katika sekunde ya kwanza. Isaac Newton, katika karne ya 17, alifikiria jiwe lirushwalo kutoka kilele cha mlima. Kila likizidishiwa kasi huanguka mbali zaidi. Uso wa dunia nao hujipinda, ukashuka mita 5 hivi katika kila kilomita 8. Basi kiendacho kilomita 8 kwa sekunde, lau hewa isingelikizuia, huanguka mita zake 5 na kuikuta ardhi nayo imekwisha kushuka mita 5. Hukosa pa kuangukia. Hata setilaiti za televisheni, zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, zinaanguka. Ila huko mzunguko mmoja huchukua siku moja, sawa na dunia, ndiyo maana dishi la Tandika halina haja ya kugeuka.

Pwani hii iliwahi kukirusha angani chombo chenye jina lenyewe. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya kujitawala, roketi iliondoka katika jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa na setilaiti ya Marekani iliyoitwa Uhuru, ya kwanza kuundwa mahsusi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo angani. Ilizunguka kwa dakika 96 hivi, zaidi ya kilomita 500 juu. Huko mvuto wa dunia haujakwisha. Hubaki sehemu 85 hivi katika 100 za ule wa mnazini.

Je, Uhuru ilikuwa huru? Mchukuzi wa sokoni husikia uzito wa gunia kwa kuwa bega lake linalikataza kuanguka. Lau yeye na gunia wangelianguka pamoja, uzito usingelisikika. Hali hiyo huitwa mwanguko huru, na ndiyo impatayo mwanaanga aeleaye chomboni. Kumbe kutosikia uzito si dalili ya kutovutwa. Wako wajionao huru kwa sababu tu hawaisikii kamba, ilhali wanakwenda nayo sambamba.

Mtawala, au mzee mkali wa nyumba, ataifurahia hoja hii kwa nia yake. Atasema: basi tiini, maana pasi na mvuto mtapotea gizani kwa mstari ulionyooka. Ni kweli, chombo kisichovutwa kingelipotea hivyo. Ila ulinganisho una ufa. Dunia huvuta bila upendeleo, na mwezi kadhalika: mwaka 1971 mwanaanga David Scott aliangusha huko nyundo na unyoya, vikatua pamoja. Mvuto hauchagui kabila wala haupokei bahasha. Nani miongoni mwa wavutao watu awezaye kudai hivyo? Tena mvuto peke yake haufanyi mzingo. Lau Uhuru isingelikuwa na mwendo wake wa kwenda kando, utiifu wake wote ungeliishia baharini siku ile ile. Mwendo huo ulitoka katika roketi, na kwa kiasi kidogo katika kuzunguka kwa dunia yenyewe, ambako karibu na ikweta kuna kasi kuliko penginepo.

Uhuru ilifanya kazi hadi 1973. Hewa ya huko juu, ijapokuwa nyembamba mno, iliendelea kuipokonya nishati kidogo kidogo. Mzingo ukashuka, na Aprili 1979 ikateketea. Tanzania Bara wakati huo ilikuwa bado haina televisheni, na mapaa ya Temeke yalikuwa makuti na bati tu.