Pua ya Panyabuku

Kwa Mswahili, kuona si kazi ya jicho peke yake. Mtu huona njaa, huona baridi, huona aibu. Na harufu ya samaki wa kukaanga huisikia. Watafiti wa ndege wa milima ya Uluguru wangemwelewa bila kufasiriwa. Kaskazini mwa milima hiyo yumo Malaconotus alius, ndege asiyepatikana kwingine duniani, ambaye hukaa juu kabisa ya miti mirefu; anayetaka kumhesabu hutegemea sauti yake kuliko darubini.

Huku bondeni, mjini Morogoro, swali la nini hasa huitwa kuona limezidi ugumu. Tangu mwaka 2000, shirika la APOPO, ambalo mmoja wa waanzilishi wake ni Mbelgiji Bart Weetjens, limekuwa likifundisha panyabuku katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo: kwanza kunusa mabomu ya kutegwa ardhini, kisha kunusa kifua kikuu katika makohozi.

Kizimba kina matundu kumi sakafuni, na chini ya kila tundu kuna kikombe cha makohozi yaliyopashwa moto ili vijidudu vife. Panya anapita tundu hadi tundu, haraka, kama mteja anayeuliza bei bila nia ya kununua. Ghafla anaganda. Pua imezama, kucha zinakwaruza. Kibonyezo kinalia, naye anakimbilia ndizi iliyopondwa. Sampuli 100 humchukua kama dakika 20. Fundi wa maabara mwenye hadubini huhitaji siku kadhaa.

Je, huyo amechunguza, au amenusa tu? Hajui bakteria ni nini. Wapo watakaosema uchunguzi ni wa mwenye kuuliza, na panya haulizi ila ndizi. Hoja ina uzito, lakini inasahau kwamba kutojua huko ndiko kunakompa thamani.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Berlin, farasi aitwaye Hans alisifika kwa kujibu hesabu kwa kupiga kwato. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha siri yake: muulizaji asipojua jibu, farasi naye hajui. Alikuwa akisoma mwili wa binadamu, vijitikiso ambavyo mwenyewe hakujua anavitoa. Hans alikuwa mwangalizi hodari kuliko wote uwanjani. Tatizo ni kwamba aliangalia kitu kingine.

Ndiyo maana Morogoro anayemtazama panya hatakiwi kujua kikombe kipi kina ugonjwa. Yeye hutaja tundu. Mwenzake mwenye orodha ndiye huamua kama kibonyezo kilie. Tena ndizi hutolewa kwa sampuli ambazo kliniki ilishazithibitisha tu. Kwa zile ambazo jibu lake halijulikani, panya hapati kitu, maana ingekuwa kumlipa shahidi kabla ya kesi kusikilizwa.

Wala neno lake si la mwisho. Sampuli aliyoikwaruzia, ambayo kliniki iliipitisha kuwa safi, hurudi chini ya hadubini. Vijidudu vikionekana, kuna mtu mahali fulani aliyeambiwa haumwi, na sasa inabidi atafutwe, nyumba kwa nyumba ikibidi. Wakati huo panya alishahamia tundu la nane zamani.